Jiwe Jeusi la Marehemu Chausiku

Jumamosi, 4 Shaabani, mwaka 1303

Leo nimefungua kasha la marehemu mke wangu. Miezi saba nimelipita kila siku nikijifanya silioni. Leo ilibidi. Harusi ya Bimdogo, mwanetu wa pekee, ni Alhamisi ya tarehe 23, na mimi babake sina kitu cha maana cha kumpa. Kazi ya kuwaandikia watu barua haimpi mtu dhahabu, humpa madoa ya wino. Nikawaza kwamba Chausiku hakosi kuwa ameficha kitu. Wanawake huficha.

Nimekuta leso mbili. Kitana cha pembe. Chupa ya marashi, tupu. Leso ya tatu, ncha yake imefungwa fundo juu ya kitu kidogo kigumu. Nilihangaika nalo kwa kucha, halikufunguka, nikaliacha. Na chini kabisa, ndani ya kipande cha kitambaa cha marekani, jiwe.

Si jiwe la kawaida. Ni jeusi, bapa, kubwa kama kiganja cha mtu mzima na vidole vyake. Upande mmoja ni laini ajabu, umebonyea kidogo katikati. Na ndani ya jiwe lenyewe, si juu yake, kuna kitu kimejikunja duara ndani ya duara, kama nyoka aliyelala. Hakuna fundi wa kuchonga vile. Juu ya ule ulaini umegandia uchafu mweupe, mkavu kama chokaa.

Miaka ishirini na miwili ya ndoa na hakunitajia hata siku moja. Mtu hafichi jiwe la bure. Nimeketi kitandani nikafikiri mpaka adhana ya alasiri, ndipo nikajua. Hii ni mali.

Ningemwuliza Bimdogo, lakini ni mwari, yuko ndani, na baba haingii chumba cha mwari. Tena nataka kumshangaza. Ningemwuliza Mwaija, dada yake marehemu, ambaye ndiye somo wa harusi, anayemfunda mwari. Lakini Mwaija yuko Pangani kwa wakwe wa Bimdogo mpaka wiki ijayo. Afadhali. Mwanamke yule ana tabia ya kujua mambo.

Jumapili, 5 Shaabani

Kitu cha kuuzwa husafishwa kwanza. Nimeketi uani tangu asubuhi na majivu, makumbi ya nazi na ndimu tatu. Ule weupe uling'ang'ania. Nikasugua. Nikamimina maji, nikasugua tena. Maji yakawa meupe kama tui la kwanza.

Ikapanda harufu. Nzuri sana. Naijua, lakini nilishindwa kukumbuka naijulia wapi. Nikashtukia ninalia, na si machozi mawili matatu, bali kilio chenyewe, mabega yanatikisika, mtu mzima na kanzu yangu. Ndimu za mwaka huu ni kali sana, ziliniingia machoni. Nikaendelea kusugua huku nalia mpaka weupe wote ukatoka. Yale maji nimeyamwaga kwenye mgomba.

Sasa jiwe linang'aa hata naona uso wangu ndani yake. Ni uso wa mtu mwenye mali, ila macho mekundu.

Jumanne, 7 Shaabani

Kosa langu la leo lina jina, nalo ni Hija. Mwaka wa tisa huu tunakaa baraza moja karibu na forodha, yeye na mkeka wake, mimi na mkeka wangu, tunawaandikia barua watu wa misafara. Ana mwandiko mzuri. Basi, ndicho alicho nacho. Mwaka jana alimwoza binti yake kwa zumari siku tatu, na tangu hapo upepo hauvumi ila atukumbushe zumari zile.

Nilimwonyesha ncha tu ya jiwe. Akaninyang'anya lote. Akaligeuza, akalinusa, akasema ni kinoo. Nikamwambia kinoo ni babu yake. Akalitemea mate, akatoa kisu chake cha kuchongea kalamu na kuanza kunoa, mbele yangu, jiwe la marehemu mke wangu. Nikamrukia.

Wapagazi sita waliokuwa wakingoja barua zao walitutenganisha, kisha wakatoa maoni. Wa kwanza alisema huyo ni nyoka aliyelaaniwa na mganga. Wa pili akasema nilitupe baharini na nisigeuke nyuma. Wa tatu akasema anaomba barua yake imaliziwe, mamake anangoja. Mimi nilikuwa nikilifuta jiwe mate kwa kanzu. Hija ndiye aliyeimalizia, kwa mwandiko wake mzuri.

Jiwe limepata mkwaruzo mmoja mdogo. Nimeupaka mafuta ya nazi.

Jumatano, 8 Shaabani

Kuuliza si ujinga. Nimekwenda misheni, maana wale watu wanaokota kila kitu, mpaka mende, na kukiandikia jina. Padri mmoja mwenye ndevu mpaka kifuani alilitazama jiwe kwa kioo cha kukuza. Alifurahi hata akasahau kunikaribisha kiti.

Akasema huyu hakuwa nyoka. Alikuwa mnyama wa baharini mfano wa ngisi, aliyekaa ndani ya kombe. Akafa zamani ambazo hazihesabiki, tope likamfunika, tope likageuka jiwe, na yeye akageuka jiwe pamoja nalo. Akauliza limetoka wapi. Nikasema limetoka katika kasha la mke wangu. Akasema hapana, kabla ya hapo. Nikasema kabla ya hapo sijui, na nikaona aibu kidogo, kwa sababu ni kweli sijui.

Nikamwuliza thamani yake. Akasema ni kubwa mno, thamani ya elimu. Thamani hiyo naifahamu, ndiyo inayonilaza na njaa. Akataka kuliweka katika kabati lao na kuliandikia jina langu. Akanipa papai. Nilipokea papai, nikaondoka na jiwe langu.

Kombe! Pwani yote imejaa makombe, watoto wanayapiga mateke. Siwezi kumwoza mwanangu kwa kombe.

Ijumaa, 10 Shaabani

Alhamdulillahi. Dunia imenigeukia.

Baada ya sala nilikwenda mtaa wa Dunda, dukani kwa Chandulal, yule Banyani sonara. Nikafunua kitambaa. Koleo likamdondoka mkononi. Akaita ndani kwa lugha yao, akatoka mamake, bibi Damyanti, kizee kifupi, mjane, mavazi meupe. Bibi akalitazama jiwe. Akaunganisha viganja, akapiga magoti, akaweka paji la uso sakafuni. Niligeuka nyuma kutazama nani ameingia.

Chandulal akanieleza polepole. Kwao jiwe la namna hii hupatikana katika mto mmoja tu, huko kwenye milima ya theluji, nao huliweka nyumbani na kuliabudu, maana kwao huyo aliyejikunja ndani ndiye mungu wao mwenyewe. Bibi alikuwa nalo moja. Lilimponyoka likazama siku alipokuwa akipanda chombo kuja huku, miaka thelathini iliyopita. Tangu siku hiyo kila asubuhi anaosha sahani tupu, anaipamba maua, na kusali mbele yake.

Mimi hilo la sahani tupu liliniingia. Sijui kwa nini, maana dini yao siyo yangu. Lakini mtu wa biashara hasimami kwenye huruma. Chandulal alipouliza nataka nini, nikasema mitali ya fedha ya kuvaa miguuni, jozi, mizito, yenye njuga. Akaichukua rafuni, akanipa. Hakushindana hata kidogo. Nikajuta kutotaja na vikuku.

Nimewapata! Jiwe kwa fedha! Njiani nimepita mbele ya nyumba ya Hija mara mbili, njuga zikilia ndani ya kanzu. Mara ya tatu alitoka, akaniuliza kama nimekuwa mbuzi.

Jumatatu, 13 Shaabani

Naandika kwa sababu sina la kufanya jingine.

Mwaija amerudi. Nilisimama nje ya mlango wa mwari, nikatoa hotuba niliyoiandika siku mbili, kisha nikampa Mwaija mitali aipeleke ndani. Nikangoja vigelegele. Mwaija akatoka na mitali mkononi, akaniuliza nimeipata wapi. Nikamweleza nilivyoliuza jiwe, kwa majivuno, mpaka papai. Akaketi chini pale pale, mlangoni.

Lile ni jiwe la kusagia liwa. Mama yao Mwaija na Chausiku, Mkwere wa Kiwangwa, aliliona mtoni siku waliyokwenda kuchimba utomvu wa sandarusi, akiwa bado kigoli. Akaolewa nalo. Akampa Chausiku siku ya harusi yake. Kila Alhamisi, miaka ishirini na miwili, Chausiku alisaga liwa juu ya jiwe lile, kijiti cha mti unukiao na matone ya marashi, akajipaka uso kwa ajili yangu. Kule kubonyea katikati si maumbile ya jiwe. Ni mikono, ya mama yao na yake.

Nikasema sikuwahi kuliona. Mwaija akasema ungelionaje. Mume haonyeshwi. Mume huona uso, haoni jiwe. Mke aonwaye na mumewe akisaga liwa, huyo hakufundwa. Akasema na mwari hupakwa liwa ya jiwe la mamake siku anayotolewa, na Bimdogo amekuwa akiingoja siku hiyo tangu msibani.

Ndipo nikamsikia mwanangu nyuma ya mlango. Akasema shikamoo, baba. Akasema anashukuru kwa mitali, ni mizuri, lakini anaomba jiwe la mama. Hakulia. Ningependa alie.

Jumanne, 14 Shaabani

Nimerudi Dunda na mitali. Chandulal ni muungwana, alikubali mara moja. Mamake ndiye hakukubali. Amekwisha kumwogesha mungu wake kwa maziwa. Amekwisha kumpa mahali pake katika nyumba. Akasema, Chandulal akitafsiri huku anaangalia chini, kwamba mungu akiingia nyumbani harudishwi kama kitambaa kilichopungua upana. Akalia. Nami nilikaribia kulia, lakini nilijizuia kwa sababu ya heshima ya mji.

Sikujua niweke wapi mikono. Pale uani pana chungu chenye mche mfano wa mrihani. Nikachuma jani moja, nikaliweka nyuma ya sikio, kama mtu afanyavyo. Kumbe kwao mche ule ndiye mke wa jiwe. Wamewaoza, kwa sherehe kamili. Chandulal alinishika kiwiko, akanitoa nje kwa adabu.

Jumatano, 15 Shaabani

Nisfu Shaabani. Nimekwenda kumsomea Chausiku Yasini. Masika yameudidimiza udongo wa kaburi, nimeurudishia kwa mikono.

Nilipomaliza kusoma nilimweleza. Nikamwambia kosa ni lako pia, mbona hukusema. Kisha nikaona nimesema vibaya, nikamwomba radhi. Nikamwambia kila Alhamisi ulikuwa unatoka ndani na uso mweupe, unanukia, nami nikidhani ile harufu ni yako mwenyewe, ndivyo ulivyoumbwa. Sikuuliza. Miaka ishirini na miwili sikuuliza hata mara moja. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile harufu ya Jumapili, ya maji niliyoyamwaga.

Nikiwa bado nimechuchumaa pale, likanijia shauri. Natumaini marehemu hakuona nilivyochangamka.

Alhamisi, 16 Shaabani

Shauri lenyewe: jiwe jingine.

Nimekwenda mpaka Kaole kwa miguu, nikatafuta ufukoni mpaka nikapata bapa, umbo lile lile. Nikachora duara ndani ya duara kwa msumari. Nikalipaka masizi ya chungu na mafuta ya nazi, tabaka nne. Nyoka wangu amefanana na jongoo, lakini bibi Damyanti ni mtu mzima sana, macho yake si ya jana. Atakuwa na jongoo, sisi tutakuwa na letu. Hakuna atakayeumia.

Hija amenikuta uani nikipaka. Akauliza ninafanya nini. Nikasema napaka jiwe masizi. Akasema haya, akaenda zake. Ukweli una faida yake.

Jumamosi, 18 Shaabani

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika kwa ufupi.

Nilimvizia Chandulal mpaka akaenda forodhani. Nikaingia kwa bibi na madafu mawili, kumjulia hali. Akanikaribisha, moyo wake hauna kinyongo. Ilikuwa saa ya kumwogesha mungu. Jiwe letu lilikuwa katika sahani ya shaba, limepakwa sandali katikati, pale pale palipobonyea. Bibi akaenda ndani kuchukua maziwa. Nikabadili. Letu likaingia kwapani, la Kaole likakaa sahanini.

Akarudi. Akamimina maziwa. Maziwa yakawa meusi.

Akamimina tena, taratibu, kama mtu anayedhani macho yanamdanganya. Masizi yakatoka yote, jongoo akabaki. Bibi akanitazama. Nilikuwa nimebana mkono kwapani hata damu haipiti. Hakupiga kelele wala hakumwita mtu. Akanyoosha kiganja tu, nami nikaweka jiwe juu yake.

Kiswahili chake ni kidogo, akauliza neno moja, kwa nini. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, mmoja mzuri sana. Sijui umekwenda wapi. Nikasema ni la mke wangu, amekufa, na mtoto wetu analitaka. Akaniangalia sana. Akajifuta macho kwa ncha ya nguo yake. Akasema nimlete mtoto.

Kisha akanipa dafu moja nirudi nalo.

Jumapili, 19 Shaabani

Baada ya magharibi Mwaija alimfunika Bimdogo gubigubi, mwari asionwe, tukaenda Dunda. Mimi nilikaa barazani na Chandulal. Mlango uliachwa wazi kidogo.

Bibi Damyanti aliweka sahani mbele ya mwanangu. Alikuwa amelifuta jiwe makusudi, amelikausha, ili amwonyeshe lilivyo. Bimdogo hakuligusa. Nikamsikia akimwuliza Mwaija kwa sauti ndogo, ule weupe uko wapi. Kisha Bimdogo akaja mlangoni, akaniuliza mimi. Baba, juu ya jiwe palikuwa na weupe, uko wapi?

Nami nikamjibu. Nilimjibu kwa majivuno, Mungu anisamehe. Nikasema uchafu ule nimeusugua mwenyewe, kwa majivu na ndimu, nusu siku nzima, na haikuwa kazi ndogo.

Kisha Mwaija akazungumza, si na mimi, na ukuta. Akasema liwa ile Chausiku aliisaga siku tatu kabla ya kufa. Hakuweza kukaa, wakamwegemeza, jiwe wakamwekea mapajani. Alikwisha kujua kwamba harusi haitamkuta. Chausiku mwenyewe akasema isifutwe, iachwe ikauke juu ya jiwe, ifungwe. Siku ya harusi watie marashi, itaamka, nami nitakuwa nimempaka mwanangu kwa mkono wangu.

Nimeumwagia mgomba. Mgomba wangu ndio uliopakwa liwa ya harusi.

Bibi hakufahamu maneno, lakini alifahamu. Aliinyanyua sahani kwa mikono miwili, akampa Bimdogo. Anamrudishia mungu wake. Mtu aliyesali mbele ya sahani tupu miaka thelathini. Bimdogo akaisukuma irudi, polepole. Akasema ibaki kwa bibi. Akasema hapa angalau kila asubuhi kuna mtu wa kulipaka sandali, na nyumbani litabaki kashani na baba.

Njiani nilitembea nyuma yao. Nimeapa leo, kwa Mwenyezi Mungu, sigusi tena kitu cha Chausiku kabla ya kuuliza.

Alhamisi, 23 Shaabani

Harusi imepita. Wapishi hawakuunguza. Zumari zilikuwepo, siku moja tu, lakini zilikuwepo.

Liwa ilisagwa juu ya jiwe la Mwaija, la matumbawe, jeupe, halina kitu ndani yake. Bimdogo alipotolewa nilimwona kwa mbali. Amepakwa vizuri. Kwa nukta moja nilidhani ni mamake, nikasimama. Kisha nikakaa.

Mitali ameivaa. Mwaija anasema hakumlazimisha. Alisema baba asiaibike mbele ya watu. Walipomsindikiza pwani kwenda Pangani nilisikia njuga mpaka mwisho wa njia, halafu nikawa nadhani nazisikia.

Hija alikuja. Alikula sahani mbili na kusema zumari ya pili haikukaa sawa. Lakini wakati wa kuaga alinishika mkono, akaushikilia. Miaka tisa sikuwahi kumwona hivyo.

Mwaija amefuatana na bibi harusi, atarudi baada ya fungate. Ameniachia amri moja. Katika kasha kuna leso yenye fundo. Nisiifungue mpaka yeye arudi, ni ya Bimdogo. Nikasema nimeapa, asiwe na wasiwasi. Akasema ndiyo maana ana wasiwasi.

Jumatatu, 27 Shaabani

Nyumba kubwa hii. Sikuwahi kuuona ukubwa wake.

Nimefikiri vizuri kuhusu kile kiapo. Niliapa kutogusa kitu kabla ya kuuliza. Leo asubuhi nimeuliza. Nilisimama mbele ya kasha, nikauliza kwa sauti. Hakuna aliyekataa.

Fundo nimelifungua kwa meno. Na sasa nasema, walahi, Chausiku alikuwa mwanamke wa ajabu. Kumbe jiwe halikuwa mali yenyewe! Mali ni hii. Tonge dogo, kavu, la kijivujivu, jepesi mkononi, na linanukia. Linanukia mno, kama nyumba hii ilivyokuwa ikinukia Alhamisi. Kila mtu wa pwani anajua ni kitu gani cha kijivu, chepesi, kinachonukia. Ni ambari, ile itapikwayo na nyangumi! Waarabu huipima kwa mizani ya dhahabu. Lazima aliiokota ufukoni akaninyamazia.

Nimekwisha kupanga yote. Nitampelekea Chandulal. Kwa ambari hii atanitengenezea vikuku, kidani na vipuli, na Bimdogo akija kunitembelea baada ya Idi atakuta babake amemwekea kitu. Atasahau habari ya jiwe. Mwaija naye atakaa kimya mara moja katika maisha yake.

Liko tatizo moja dogo. Aliyelifinyanga tonge hili alilibana likiwa bichi, na alama za vidole vyake zimebaki, vinne upande mmoja na gumba upande wa pili. Nimejaribu kuweka vyangu pale, ni vikubwa, haviingii. Vilikuwa vidole vyembamba. Mnunuzi hatapenda alama. Itabidi nilisugue mpaka liwe laini.

Majivu ninayo. Ndimu nimenunua tatu, ziko hapa mbele yangu. Bado sijazikata, na macho yameshaanza kuniwasha.